Upande wa Dereva

Moteri inaning'inia kwa mnyororo juu ya Opel,
inazunguka polepole, kama mbuzi aliyechunwa
ambaye bado hajaamua atazame wapi.
Ni ya Toyota. Ilitoka kwenye gari la unga lililopinduka njia ya Kasumbalesa.
Opel ni ya mwaka wa sabini, rangi ya maziwa yaliyochacha,
na haijawahi kuonana na Toyota hata kwa salamu.

"Shusha." Chola anashusha vidole viwili.
"Simama." Bakuli la mafuta limegusa boriti ya mbele.
Wengine wangeiinua moteri ikae juujuu, kapo ikatae kufunga,
wakutoboe tundu na kuliita pambo.
Mimi nilikaa juu ya tairi nikafikiri
mpaka chai ikaota ngozi.

Kanuni yangu ni moja, niliipata kwa kuharibu magari ya watu:
anza nyuma.
Buate ya vitesi kwanza, iitazame difu,
pembe ya huku iwe sawa na pembe ya kule,
la sivyo ukifika themanini gari litaanza kunung'unika
na hutajua linamnung'unikia nani.
Ndipo mbele. Ndipo usukani, uone kama mkono wake unapita.

Vikalio nilivikata kwanza kwa katoni ya Simba,
halafu kwa bati, halafu kwa chuma cha milimita sita
alichoniuzia mtu wa Katuba bila kusema kimetoka wapi.
Sikuuliza. Mji huu mzima umechimbwa mahali.

Nukta tatu tu za kuchomelea, usimalize,
chuma kikipata moto kinavuta upande wake.
Nukta ya pili, kuranti ikaenda.

Saa nne tulikaa gizani, sisi na moteri,
mnyororo ukilia kidogo kila lori la shaba lilipopita.
Chola akauliza: kwa nini mpira?
Kwa nini tusifunge chuma kwa chuma, bolti nane, twende kulala?
Nikampa mkono. Nikamwambia abane, abane zaidi.
Kiwiko chake kikaanza kutetemeka, na changu.
"Umeona?"
"Nimeona," akasema. "Mkono wako unanuka grisi."

Jumamosi akaja Mama Ngoie,
muuguzi mstaafu wa Sendwe, ufunguo ameufunga kwenye pindo la kitenge.
Nikawasha. Nikaweka glasi ya maji juu ya moteri:
vijiduara vyembamba tu, kama maji yanawaza.
Nilivimba kichwa, nikiri.

Akaingia upande wa abiria, palipokuwa pake siku zote,
akaweka kiganja juu ya dashibodi. Akangoja.
"Imewaka?"
"Imewaka, mama."
Akangoja tena.
"Kaseba akisimama pale Posta," akasema,
"kioo hiki kilicheza mpaka nikawa na nyuso tatu.
Poda nilikuwa najipaka kwa kubahatisha."
Akacheka kwa pua. Akalipa salio, noti akazihesabu mara mbili,
akasema atakuja Jumatatu na shemeji wa kuendesha.

Jioni Chola alipokwenda nilirudi chini ya gari.
Nikafungua silembloki ya kushoto, mpya kabisa, bado ina unga wa dukani,
nikachonga nyingine kwa kisu
kutoka tairi la lori la mgodi, lile lenye nyuzi ndani,
gumu kama kisigino.
Upande wa dereva peke yake. Wa kulia nikauacha na ulaini wake.

Si kazi safi.
Aliyenifundisha angenipiga na spana ya kumi na saba,
na ningekaa kimya, kwa sababu angekuwa na haki.

Nikawasha. Nikairudisha glasi juu ya moteri.
Ikaanza kutembea yenyewe, hatua ndogondogo,
ikimwaga kidogo, ikielekea ukingoni.
Nikaidaka.